Darubini ya Bei Mbaya, Vifungio vya Kuokoteza

Mtalii anayekuja Tanzania kuwinda nyati hulipia ndege, vibali, kambi na mwindaji bingwa. Fedha zote hizo huishia kutegemea skrubu chache zisizojaa kiganja, zile zinazoshikilia darubini juu ya bunduki. Zikilegea, mnyama hujeruhiwa badala ya kufa, na katika uwindaji wa kitalii mnyama aliyejeruhiwa hulipiwa sawa na aliyeuawa. Tena nyati aliyejeruhiwa lazima afuatwe vichakani, kazi inayohatarisha maisha ya watu.

Hesabu yenyewe inatisha. Pete mbili za darubini zikiwa zimeachana sentimita 10, moja ikihama kando kwa sehemu ya kumi tu ya milimita, risasi hupotoka sentimita 10 kwenye umbali wa mita 100. Na risasi ya .375 H&H, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1912 na ambayo nchini Tanzania ndiyo kipimo cha chini kwa wanyama hatari, ina teke kali. Bunduki hurudi nyuma ghafla huku darubini ya nusu kilo ikitaka kubaki ilipo. Kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, vifungio hubeba nguvu inayolingana na mzigo wa zaidi ya kilo 100.

Watengenezaji wamelijibu tatizo hili kwa njia tofauti. Marekani ilieneza reli ya Picatinny, iliyofanywa kipimo rasmi cha jeshi mwaka 1995. Mifereji yake huzuia pete kuteleza, na kwa kuwa vipimo vinajulikana, hata karakana ndogo huweza kuchonga pete zitakazoingia. Ujerumani, mafundi wa Suhl walijijengea sifa kwa vifungio vya kulabu vinavyosawazishwa kwa tupa, bunduki moja baada ya nyingine. Kampuni ya Blaser nayo hufunga darubini juu ya mtutu wenyewe, kwa kifungio cha bunduki zake tu. Ruger ya Marekani huchonga sehemu za kukalia pete kwenye mwili wa bunduki na kuiuza pamoja na pete zake. Kwa nyati, naona hii ya Ruger ina mantiki zaidi: chuma hukinga chuma, na msuguano hauachiwi kazi yote.

Lakini kifungio kizuri huharibiwa na ufungaji mbaya, na hapo ndipo biashara ya darubini inapojipunja. Duka huuza kioo ghali, kisha hufunga bure, kwa bisibisi na makadirio ya mkono. Kazi sahihi huanza kwa kufuta mafuta kwenye matundu ya skrubu. Skrubu za kitako cha kifungio hupakwa gundi ya kuzuia kulegea, na za pete hukazwa kwa spana yenye kipimo, takribani njutonimita 2. Ukizidisha, bomba la darubini hubonyea. Kazi hiyo inastahili bei yake kwenye risiti, na mteja aliyebana bajeti ni heri apunguze kwenye kioo kuliko kwenye vifungio.

Kambini, siku ya kwanza mgeni hupiga shabaha kabla ya kuingia porini, na darubini iliyolegea safarini hujulikana hapo. Lakini fundi wa bunduki yuko mbali. Kampuni yenye kitalu cha uwindaji inaweza kuweka sanduku dogo lenye spana ya kipimo, gundi na skrubu za akiba, na kumfundisha mfanyakazi mmoja kulitumia. Gharama yake ni ndogo mno kuliko siku moja ya uwindaji iliyopotea.