Divai nyekundu ya Cahors: mizabibu ilikufa, jina likarudi

Wandugu wanamemba, wengi wetu tunajua divai ya misa tu. Leo tunawaelezea divai moja ya Ufaransa, kwa sababu koperative iko ndani ya historia yake.

Cahors ni mji wa kusini-magharibi, kandokando ya mto Lot. Zabibu yake inaitwa Malbec. Wenyeji wanaiita pia Côt. Rangi yake ni nzito sana, njo maana zamani watu walisema "divai nyeusi".

Kisha mwaka 1870 kupita, kidudu filoksera kilikula mizizi. Wengi wakapanda aina za kuzaa sana, lakini divai yake mbaya. Mwaka 1947 wakulima wakaunda koperative pale Parnac, wakaanza kutafuta tena Malbec nzuri.

Februari 1956, baridi kali ikaua karibu mizabibu yote. Bonde zima! Na mzabibu mupya, sawa kahawa yetu, unakaa kama miaka tatu mbele ya kuzaa. Wengine waliacha. Wenye kubaki walikuwa na shamba tupu, basi wakachagua: Malbec kwanza.

Mwaka 1971 serikali ikakubali jina lao, ile wanaita AOC. Mpaka leo, chupa haiandikwe Cahors kama Malbec haifike 70 kwa mia. Inayobaki ni Merlot ao Tannat. Zabibu itoke ndani ya mipaka. Hata divai nyeupe ya shamba lile lile, jina hilo haipewe.