Hesabu ya London Huanzia Siyu

Mwanafunzi wangu wa zamani hapa Siyu alinijia akiwa na bashasha. Amepata mwezi mmoja wa kuisoma miswada ya Kiswahili iliyohifadhiwa katika chuo cha SOAS, London. Baba yake ameshanuia kuuza mashua. "Mwalimu, nikifika huko nitajibana," akanambia.

Nikamwomba kalamu. Kujibana si hesabu. Januari 2025 serikali ya Uingereza iliwataka wenye viza za wanafunzi waoneshe pauni 1,483 kwa kila mwezi wa kuishi London. Tukakifanya hicho kuwa kipimo chetu. Chumba ndicho kimezacho fedha nyingi. Mwaka huo nauli ya basi ilikuwa pauni 1.75, na kuingia British Museum hakulipiwi.

Lakini shimo tuliliona huku kwetu: mashua hadi Lamu, gari hadi Nairobi, malazi ya kungojea viza. Mfadhili hakuyataja hayo. Mali bila daftari, walinena wazee, hupotea bila habari.

Walimu wenzangu, tuwafunze vijana kuziorodhesha gharama hizi na kumweleza mfadhili kabla ya kukubali safari. Mashua ilishayo nyumba nzima haifai kuuzwa kwa ajili ya mwezi mmoja.