Kosa -71 na Waya Mrefu wa Mtaa wa Aggrey

Wenye maduka wa Kariakoo hawaniambii printa ya risiti ina hitilafu gani. Wanasema, "Fundi, mashine imegoma." Ukiuliza iliandika nini kwenye skrini: "Maneno ya Kiingereza, nikayafunga."

Siwalaumu. Kwenye Windows, kosa namba 43 linakueleza tu kwamba kifaa kimesimamishwa kwa kuwa kimeripoti matatizo. Matatizo yapi? Kimya. Printa hiyohiyo ichomeke kwenye kompyuta ya Linux, ufungue kumbukumbu zake, utakuta mstari unaotaja usb 1-1.2, unasema usomaji wa utambulisho wa kifaa umeshindikana, kosa -71. Ni mstari mkavu, lakini unanipa kazi ya kuanza nayo.

Umeandikwa na draiva, programu ndogo inayozungumza na kifaa kwa niaba ya kompyuta. Hiyo 1-1.2 inanionyesha hadi tundu: poti ya kwanza, kisha tundu la pili la habu iliyochomekwa hapo. Namba -71 maana yake mazungumzo kwenye waya yamevurugika. Ingekuwa -110, muda wa kusubiri jibu ungekuwa umekwisha. Kwa -110 naanza na umeme, maana poti ya USB 2.0 hutoa miliampia 500, na habu isiyo na adapta yake inazigawa kwa printa, skana na simu ya karani inayochajiwa. Kwa -71 naanza na waya. Kikomo chake ni kama mita 5, ila Mtaa wa Aggrey nakuta nyaya mbili zimeungwa, zimepita nyuma ya marobota mpaka shelfu ya juu.

Vijana wanaoandika draiva wajue kwamba ukweli wote uko mikononi mwao kwa sekunde ile tu kosa linapotokea. Utambulisho wa kifaa cha USB una baiti 18. Zikija 8, andika hivyo: kifaa fulani, nilitaka 18, nimepata 8. Ukiirudishia programu ya juu neno "imeshindikana" peke yake, hakuna fundi atakayezipata tena namba hizo.

Kuna draiva ya zamani ya printa kwenye Linux ambayo, printa ikiashiria kosa huku karatasi ipo na printa yenyewe imeunganishwa, huandika kuwa printa inawaka moto. Watu hucheka. Mimi naona afadhali hiyo, maana angalau inakiri kwamba sababu za kawaida zimekwisha.

Inayonikera zaidi ni draiva inayorudia lalamiko lilelile kila mara. Kumbukumbu ya kerneli, yaani kiini cha Linux, ina ukubwa maalumu. Ikijaa, mistari mipya hufuta ya zamani. Njia ya kupunguza marudio imo ndani ya kerneli yenyewe, mwandishi aiite tu. Asipoiita, nikifika jioni nakuta maelfu ya mistari inayofanana, na ule wa kwanza wenye namba ya kosa umeshasukumwa nje.