Bukavu: Mimba ya kwanza na wikendi isiyokuwa na mapumziko

Siku ya posho, saa kumi na moja ya asubuhi, taa ya simu bado inamulika cherehani katika nyumba moja ya mbao, mtaani Kadutu, mjini Bukavu. Umeme ulikatika usiku. Fundi wa nguo mwenye miaka 24 na mimba ya miezi nane anamalizia mikono ya nguo ya sita, yote ya kitenge cha namna moja. Ni sare ya wanawake wa familia ya bwana yake, kwa sababu siku hiyo dada mdogo wa bwana anatolewa mahari huko Bagira. Malipo ya kushona, wamemwambia, yatakuja baadaye.

Hii ni mimba yake ya kwanza. Yeye na bwana yake, ambaye ni seremala, wamekubali kueleza wikendi yao kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe, kwani mambo ya nyumba yanagusa pia wakwe na majirani.

Siku mbili kabla, alikuwa amekwenda kituo cha afya kupimwa mimba. Muuguzi alimpima shinikizo la damu, akamwongezea vidonge vya kuongeza damu, akamkumbusha kulala ndani ya chandarua. Kisha akamuuliza maswali matatu: Utazalia wapi? Uchungu ukianza usiku, nani atakufikisha huko? Pesa iko wapi? La kwanza tu ndilo alilojibu. Muuguzi akamwomba aongee na bwana yake wikendi hiyo na arudi na majibu. Shida ni kwamba wikendi ile ilikuwa imekwisha kugawanywa na watu wengine.

Kwanza maji. Bomba la jirani halikutoa kitu tangu juma tatu, na bwana aliondoka na bidoni mbili kabla ya jua kuchomoza ili kupanga mstari kwenye chemchemi. Aliporudi, kazi ya salongo ilikuwa imeanza, na kila nyumba ilipashwa kutoa mtu wa kuzibua mifereji. Alishika jembe. Mkewe alipiga pasi ya makaa kwenye sare, akiwa amesimama. Hapo hakukuwa na nafasi ya kuongea.

Anayeijua Kadutu anajua njia zake. Nyumba zimebebana kwenye mlima, vijia ni vya ngazi za udongo, na mvua ikinyesha hata mtu asiye na mzigo anashuka akishikilia kuta. Pikipiki haifiki mlangoni. Kutoka kwa fundi huyu hadi barabara ambapo motari anaweza kusimama ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mzima wa afya. Yeye siku hiyo alitumia karibu nusu saa, akipumzika mara tatu, huku mfuko wa nguo ukibebwa na kijana wa jirani.

Huko Bagira, wageni waliotazamiwa saa sita walifika saa tisa. Hilo halikumshangaza mtu. Nyuma ya nyumba, wanawake walikuwa wakisonga bugali, wakitwanga sombe na kukaanga sambaza. Kufuatana na desturi, bibi wa kaka wa bibi-arusi hawezi kukaa kama mgeni. Akikaa watu watasema. Alikaa jikoni zaidi ya saa mbili, karibu na moshi, akimenya na kuosha. Kila mama aliyepita alimshika tumbo na kumpa shauri: asile mayai ili mtoto asikose nywele, asinunue nguo za mtoto mapema kwa kuwa ni kuita bahati mbaya, anywe maji ya majani fulani ili kuzaa kuwe rahisi. Shauri la mayai lenyewe linamnyima mama mwenye mimba chakula kizuri kinachopatikana karibu. Na kuhusu majani, wahudumu wa afya hurudia kila mara kwamba baadhi ya dawa hizo huchochea uchungu kwa nguvu kupita kiasi, hata kupasua kizazi.

Aliyemtoa jikoni ni mama mkwe. Aliona viatu haviingii tena miguuni, akamshika mkono na kumkalisha kwenye kiti ndani ya chumba cha kulala, miguu juu ya gunia la mchele. Alimuuliza kama kichwa kinamuuma sana, kama macho yanaona giza ao nyota, kama uso na mikono navyo vimevimba. Kwa yote alijibu hapana. Mama huyo hakusoma udaktari, lakini maswali yake yalikuwa sawa na ya muuguzi. Kuvimba miguu jioni hutokea kwa wengi wenye mimba kubwa, ila kukiungana na kichwa kuuma sana, kuona vibaya ao uso kuvimba, mtu hangoji asubuhi. Ni vilevile kwa damu kutoka, homa kali, maji kupasuka kabla ya uchungu, ao mtoto kupunguza kucheza tumboni.

Wakati huo, sebuleni, mambo yalikuwa mengine. Vinywaji vilikuwa vimepunguka, na wazee wa familia wakawaita vijana wao wa kiume nje na kuwaomba kuongeza kila mmoja kitu ili familia isiaibike mbele ya wakwe wapya. Seremala alitoa simu yake. Tangu benki za mji zilipofungwa mnamo mwezi wa pili mwaka 2025, wakaaji wengi wa Bukavu wanaweka akiba yao ndani ya simu ao chini ya godoro. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na pesa moja tu, ile ya kuzaa. Alituma zaidi ya nusu.

Mkewe hakujua. Walirudi usiku wakiwa na kilio cha kupitia njiani, kwani mzee mmoja wa avenyu yao alikuwa amefariki ijumaa, na kupita bila kusalimia wafiwa si jambo la kufanyika. Walikaa kidogo kwenye viti vya plastiki, wakatoa mchango mdogo, wakapanda mlima kwa taa ya simu. Walilala bila kusema.

Juma pili, ibada ya asubuhi, kisha mamu wa kanisa wakamzuia kwa maombi ya pekee. Saa nane bibi yake mzaa mama alifika kutoka Walungu, na maharagi, ndizi na kidumu cha kasiksi, akiandamana na watoto wawili wa kaka yake. Wageni wanakula. Fundi alipika tena. Lakini bibi huyo, aliyezaa watoto wake wengi nyumbani na kuwazika wawili, ndiye aliyesukuma mambo. Baada ya kula alimuuliza mjukuu wake kama vitu vya materniti viko tayari: vitenge, sabuni, pamba, beseni, ndoo, glavu. Mjukuu akamgeukia bwana yake na kuuliza kama pesa ile ingali ipo.

Seremala alisema ukweli. Ukimya ulikuwa mrefu, watoto wakatumwa nje.

Si aibu ndogo. Katika miji mingi ya Congo, mama aliyezaa na kukosa kulipa fakture hubakizwa hospitalini siku, hata majuma, pamoja na mtoto wake, hadi familia ichange. Na kama kuna upasuaji, fakture huwa kubwa zaidi. Sheria ya kazi inampa mwanamke wiki 14 za likizo ya uzazi, na bwana siku mbili mke anapozaa; lakini fundi wa cherehani na seremala wa Kadutu hawana wa kuwatia saini likizo hiyo. Siku asiyoshona, hakuna pesa. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kwamba mwaka 2020, nchini Congo, wanawake 547 walifariki kwa sababu za uzazi kwa kila watoto 100 000 waliozaliwa wazima, na wahudumu wa afya wanajua kwamba kuchelewa njiani na kuchelewa kuamua ni kati ya mambo yanayowaua.

Bibi hakumgombeza bwana. Alimwomba ampigie mama yake simu palepale. Mama mkwe aliposikia pesa ilitoka wapi, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba angeongea na wazee usiku huo, na kwamba malipo ya zile sare sita hayangengoja tena.

Kisha wakarudi kwa maswali ya muuguzi, sasa wakiwa watatu. Motari mmoja anaishi chini kidogo, karibu na barabara. Bwana alishuka kumwona. Usiku motari wengi hawatembei tena kwa kuogopa usalama, lakini huyo alikubali kuamshwa saa yoyote, ikiwa watu wa avenyu wanamsindikiza. Vijana wawili wa jirani wataleta kiti cha mikono cha kumteremshia mama hadi barabarani kama hawezi kutembea. Ndugu yake wa kiume, ambaye anajua kundi la damu yake, atakuwa tayari iwapo damu itahitajika. Bibi alisema hatarudi Walungu kabla ya mtoto kuzaliwa, na watoto wawili watalala kwenye mkeka.

Juma tatu asubuhi, sehemu ya pesa ilirudi kwenye simu. Iliyobaki wazee waliahidi kabla ya juma mosi. Fundi aliketi kwenye cherehani, akakata kipande cha katoni na kuandika juu yake namba ya motari, ya mama mkwe na ya kituo cha afya kwa herufi kubwa, kwa kuwa bibi haoni vizuri. Akakipigilia msumari nyuma ya mlango.