Tusimjibu mama kwa neno "uzee"

Mara nyingi mama wa makamo anapolalamika kuwa mgongo unamuuma, au kuwa fizi zinamtoka damu apigapo mswaki, sisi watu wa nyumbani humjibu kwa neno moja: uzee. Neno hilo humnyamazisha, na maradhi yakaendelea kimya kimya.

Estrojeni, homoni kuu ya kike, haikuumbwa kwa ajili ya uzazi pekee. Ndani ya mifupa yetu zimo chembe zinazobomoa mfupa uliochakaa na nyingine zinazojenga mpya. Estrojeni huzizuia zile zinazobomoa zisivuke mpaka. Mwanamke anapokoma hedhi, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, homoni hiyo hupungua sana, na ubomoaji ukaushinda ujenzi. Kasi huwa kubwa zaidi katika miaka michache ya mwanzo. Kwa kawaida mfupa unaopungua hauumi; huenda tusijue lolote mpaka mama ateleze akienda kutawadha, nyonga ivunjike. Kimo kinachopungua na mgongo unaopinda huweza kuwa dalili kwamba pingili zimekwisha kuvunjika. Akina baba nao hawajasalimika, ila homoni zao hupungua polepole.

Fizi nazo huzisikia homoni. Mjamzito, ambaye homoni zake zimepanda, hupata fizi zilizovimba na kutoka damu kwa utando mdogo tu wa uchafu menoni. Baada ya hedhi kukoma, mdomo huweza kukauka na mfupa unaoshika meno ukadhoofu. Wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki. Hilo ni kosa, kwani uchafu unaobaki huzidisha ugonjwa.

Ama kinga ya mwili, estrojeni huelekea kuiamsha, na testosteroni ya kiume huelekea kuituliza. Hii ni moja ya sababu za wanawake wengi kupata kinga imara baada ya chanjo. Lakini pia kinga yao huweza kuugeukia mwili wenyewe. Katika kila wagonjwa 10 wa lupasi, takriban 9 ni wanawake.

Tufanye nini basi? Mama apate maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Aote jua uani kwake, palipo na sitara, ili mwili utengeneze vitamini D. Atembee kila siku, na sakafu ya bafu isiachwe na utelezi. Asafishe meno mara mbili kwa siku, na amwone daktari wa meno damu isipokoma. Dawa za homoni zipo, lakini hazimfai kila mtu. Daktari ndiye wa kuamua baada ya kumpima.

Mama aliyetubeba tumboni alitupa madini ya mifupa yake. Anaposema leo kuwa anaumwa, tumsikilize, kisha tumsindikize hospitali.