Mjane wa Ur na Barua za Marekani

Mambo ya mjane yana wenyewe. Kule Meru na Embu, kwa desturi ya wazee, mwanamke aliyefiwa na mume alibaki katika ukoo wa marehemu, na shemeji ndiye aliyetazamiwa kumtunza. Kwenda kwa mwanamume wa nje lilikuwa jambo zito, kwani mali ilikwisha tolewa. Kwetu pwani kizuka hukaa eda miezi minne na siku kumi, na muda huo hata posa ya waziwazi haipelekwi. Ikiisha yu huru, ingawa majirani huendelea kuhesabu.

Mjane tunayemsimulia leo hakuwa na ukoo wa kumrithi wala eda ya kumpumzisha. Waliojitwika mambo yake ni mabwana wa ofisini, ng'ambo ya bahari.

Bibi Katharine alizaliwa Uingereza mwaka 1888, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa muuguzi. Machi 1919 aliolewa na Luteni Kanali Bertram Keeling, mkuu wa idara ya upimaji ardhi ya Misri. Septemba mwaka ule ule, bwana huyo alijiua. Ndoa ya miezi sita!

Mwaka 1924 akafika Ur, kusini mwa Iraki, mji ambao wengi huunasibisha na Nabii Ibrahim. Hapo Bwana Leonard Woolley alikuwa akifukua magofu tangu 1922, kwa niaba ya British Museum na makumbusho ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Bibi huyu alikuja kama mgeni, lakini alikuwa na mkono wa kuchora, na kambi ilihitaji mchoraji. Akabaki, akichora kila kilichotoka mchangani.

Ndipo maneno yakaanza. Mwanamke mmoja, asiye na mume, jangwani kati ya wanaume! Mwaka 1926 barua zikatoka Philadelphia kwamba wafadhili hawapendezwi na jambo hilo. Wasomaji wetu wataielewa hofu yao, maana hata kwetu mwanamke kukaa na ajinabi hakukosi kusemwa. Lakini kilichowatia wasiwasi mabwana wale, kwa maoni yangu, kilikuwa zaidi jina la makumbusho kuliko heshima ya bibi. Woolley alimtetea. Aliandika kwamba ni mtu mzima anayekaribia miaka arubaini, mjane wa zaidi ya miaka saba, na hana nia ya kuolewa tena.

Aliyeandika hivyo ndiye aliyemwoa, Aprili 1927.

Je, yalikuwa mapenzi, au ndoa ya kufunga midomo ya watu? Yalisemwa mengi, na mengine si ya kutiwa gazetini. Tunachokijua ni kazi yao. Msimu uliofuata walifukua kaburi la malkia Puabi, aliyezikwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita na mapambo ya dhahabu, lulimawe na akiki. Fuvu lilikuwa limepondeka. Bibi Katharine akafinyanga kichwa cha mwanamke, akakivika nywele za bandia, kisha akayapanga juu yake majani ya dhahabu na maua yake, hata watu wakaona jinsi malkia alivyojipamba.

Hakuwa mtu rahisi. Mwaka 1930 alimwagiza kijana wa kambini, Max Mallowan, amtembeze mwandishi Agatha Christie, mwanamke aliyeachana na mumewe. Kabla ya mwaka kwisha wawili hao wakaoana, lakini bibi huyu hakutaka mke mwingine kambini, na baadaye Mallowan akatafuta kazi kwingine. Agatha alingoja hadi 1936, akatoa riwaya ya mauaji katika kambi ya wachimbaji. Anayeuawa ni mke wa mkuu wa kambi, na waliomjua Bibi Katharine hawakuulizana ni nani.

Alifariki Novemba 1945, baada ya kuugua muda mrefu. Woolley aliishi miaka kumi na minne zaidi, na hakuoa tena.