Laki Tatu Zimepotea Masaka, na Hakuna Aliyeiba



Leo sina mbinu ya kupiga picha bidhaa wala ya kumjibu mteja wa "bei inboksi". Leo ni hesabu, na hesabu yenyewe ilibaki kidogo tu initenganishe na mdogo wangu wa tumbo moja. Kama una mtu anakuuzia mzigo Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya au Kongo, soma hadi mwisho.

ILIVYOANZA

Mimi nina duka Bukoba mjini, nauza nguo za watoto. Nusu ya wateja wangu wapo WhatsApp. Mzigo wa Muleba naupakia kwenye Hiace asubuhi, mchana mteja ameshapokea.

Mdogo wangu ameolewa Masaka, Uganda. Ukitoka hapa Bukoba unaenda Mutukula, kama kilomita 80, unavuka mpaka, unaendelea na safari. Januari mwaka jana tukakubaliana afungue tawi kule. Mtaji alitoa mama yetu wa Muleba, 2,000,000 aliyoipata kwenye kahawa. Wakati huo 1,000 yetu ilikuwa inapata 1,400 ya Uganda, kwa hiyo mtaji ukawa 2,800,000 za Uganda. (Viwango vyote humu nimevizungusha ili hesabu iwe nyepesi. Wewe tumia vya siku yako.)

Kila mwisho wa mwezi alikuwa ananitumia picha ya daftari lake. Mimi naangalia faida ya mwezi, naibadilisha kuwa shilingi yetu kwa kiwango cha mwezi huo, naandika kwenye daftari langu. Mwaka mzima faida ikafika 800,000 zetu. Kwa hiyo kichwani mwangu hela ya mama ilikuwa imeshafika 2,800,000.

Tarehe 31 Desemba nikaenda Masaka, tukahesabu kila kitu hadi soksi. Nikabadilisha kwa kiwango cha siku ile, 1,000 yetu kwa 1,600 ya Uganda. Ikaja 2,500,000.

Laki tatu haipo.

Tarehe 2 Januari tukawa wote Muleba kwa mama. Mama akauliza, "Hela yangu ya kahawa imezaa?" Nikafungua daftari, nikamgeukia mdogo wangu mbele ya mama: "Laki tatu iko wapi?" Akasema, "Dada, si tumehesabu wote?" Nikamjibu maneno ambayo siyarudii hapa. Kesho yake akabeba mtoto wake akaondoka kabla ya chai.

Siku tatu baadaye akanitumia picha moja tu, bila salamu. Ukurasa wa daftari lake:

Mtaji: 2,800,000
Faida ya mwaka: 1,200,000
Jumla: 4,000,000
Tulichohesabu: 4,000,000

Kwa shilingi ya Uganda hakuna hata mia iliyopungua. Sasa laki tatu yangu ilipotelea wapi?

TATIZO LILIKUWA KWENYE VIWANGO

Mimi niliishia kidato cha nne, uhasibu sikusoma. Ilinibidi nitafute. Nikakuta kwamba hii shida yangu ya fremu moja Masaka ndiyo ileile ya makampuni makubwa. Kampuni yenye kampuni nyingine nje ya nchi inaitwa kampuni mama, na ile ya nje inaitwa kampuni tanzu. Benki ya CRDB, kwa mfano, ipo Burundi tangu 2012, na 2023 ikaingia Kongo. Burundi wanaandika hesabu kwa faranga, lakini mwisho wa mwaka kundi zima linatoa hesabu moja kwa shilingi ya Tanzania. Lazima mtu ageuze.

Kuna kanuni ya kimataifa ya uhasibu, namba 21, wahasibu wanaiita IAS 21. Tanzania inafuata kanuni hizi za kimataifa tangu 2004. Ukiichuja hadi ibaki ya kueleweka na sisi wa daftari, inasema hivi: usigeuze hesabu yote kwa kiwango kimoja. Kila sehemu ya hesabu ina kiwango chake.

1. Ulichonacho na unachodaiwa siku ya kufunga mwaka: tumia kiwango cha siku hiyo ya kufunga.
2. Mauzo, gharama na faida ya mwaka: tumia kiwango cha siku biashara ilipofanyika. Kwa sababu huwezi kufuatilia kila soksi, wastani wa kipindi unakubalika.
3. Mtaji: tumia kiwango cha siku ulipoutoa. Huo haubadiliki hata mwaka wa kumi.

Sasa tugeuze tawi la Masaka vizuri.

Mauzo na gharama, kwa wastani wa mwaka (1,000 yetu = 1,500 ya Uganda):
- Mauzo 9,000,000 ya Uganda = 6,000,000 yetu
- Mzigo uliouzwa 6,000,000 = 4,000,000
- Kodi ya fremu, nauli, bando na mengineyo 1,800,000 = 1,200,000
- Faida 1,200,000 = 800,000

Vilivyopo tarehe 31 Desemba, kwa kiwango cha kufunga (1,000 yetu = 1,600 ya Uganda):
- Mzigo dukani 2,400,000 ya Uganda = 1,500,000 yetu
- Hela mkononi na kwenye simu 1,120,000 = 700,000
- Madeni ya wateja 800,000 = 500,000
- Toa kodi ya fremu tunayodaiwa 320,000 = 200,000
- Kinachobaki 4,000,000 = 2,500,000

Mtaji, kwa kiwango cha siku tulipoutoa: 2,800,000 ya Uganda = 2,000,000 yetu.

Mtaji 2,000,000 ukijumlisha faida 800,000 ni 2,800,000. Vilivyopo ni 2,500,000. Tofauti ni 300,000.

Hiyo tofauti tunaweza hata kuionyesha kwa kidole:
- Mtaji wa 2,800,000 za Uganda Januari ulikuwa na thamani ya 2,000,000 yetu. Desemba, shilingi zilezile zina thamani ya 1,750,000. Hapo imekwenda 250,000.
- Faida ya 1,200,000 za Uganda tuliyoiandika 800,000, Desemba ina thamani ya 750,000. Hapo imekwenda 50,000.

250,000 na 50,000 ni 300,000. Hakuna aliyeiba. Shilingi ya Uganda ilishuka mbele ya shilingi yetu, basi.

MSTARI WA NNE AMBAO SIKUWA NAO

Kwenye daftari langu nilikuwa na mtaji, faida na vilivyopo. Nilikosa mstari mmoja: TOFAUTI YA KUBADILISHA FEDHA. Makampuni makubwa wanao. Hawaichanganyi na faida ya mwaka, wanaiweka pembeni, upande uleule wa mtaji, na inakaa hapo mwaka hadi mwaka. Siku wakiuza au kufunga ile kampuni ya nje ndipo inaingizwa kwenye faida au hasara.

Kwa nini pembeni? Kwa sababu mdogo wangu hakuuza vibaya. Aliuza vizuri, alipata faida. Ukiichanganya hiyo laki tatu na kazi yake utasema tawi limepata laki tano tu, na utamlaumu mtu kwa jambo ambalo hata Benki Kuu haiwezi kumlaumu.

Inakwenda upande wa pili pia, na huko ndiko kuna mtego zaidi. Chukua tawi lilelile, Desemba 1,000 yetu iwe inapata 1,250 tu ya Uganda. Zile 4,000,000 zinakuwa 3,200,000 zetu. Tofauti ni 400,000 juu. Hapo ningekuwa namsifu mdogo wangu na mama angeshauliza bei ya mbuzi. Kumbe hiyo laki nne haipo mfukoni, ni bei ya fedha tu, na mwezi ujao inaweza kurudi ilikotoka. Usiitumie, usiigawe.

Na kama unafikiri laki tatu ni nyingi, angalia Sudan Kusini. Benki za Kenya kama KCB na Equity zilikuwa na kampuni tanzu kule. Desemba 2015 serikali ikaiachia pauni yao ifuate soko, na kwa siku moja dola ikatoka karibu pauni 3 hadi zaidi ya 18. Aliyekuwa na pauni 300,000 jioni alikuwa na thamani ya dola kama 100,000. Kesho yake zilikuwa kama dola 16,000. Pauni zilikuwa zilezile sandukuni.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii. Hadi 1966 Bukoba na Masaka walitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, ndipo kila nchi ikatoa yake. Nchi za Jumuiya zilisaini mwaka 2013 kurudi kwenye fedha moja, lengo likawa 2024, sasa limesogezwa hadi 2031. Mpaka ifike, tugeuze wenyewe.

KABLA HUJAGEUZA, JIULIZE: TAWI LINAISHI KWA HELA GANI?

Tawi letu linanunua Kampala, linauza Masaka, linalipa kodi ya fremu kule, faida inabaki kule inazungushwa. Hilo linaishi kwa shilingi ya Uganda, kwa hiyo daftari lake ni la shilingi ya Uganda na mwisho wa mwaka unageuza kama nilivyoonyesha.

Lakini kama wewe ndiye unatuma mzigo wote kutoka Bukoba, unapanga bei wewe, na akiuza anakurudishia hela yote haraka, huyo ni mkono wako tu. Hapo kila mauzo yaandike kwenye daftari lako kwa shilingi yetu, kwa kiwango cha siku hiyo. Hela ikibadilishwa ukapata pungufu, hiyo ni hasara ya kweli, iandike kwenye gharama.

MAMBO YA KUFANYA KUANZIA MWEZI HUU

- Mwenye tawi aandike kwa hela ya kule tu. Asigeuze yeye. Kwanza mhakikishe daftari linafunga kwa hela ya kule, ndipo mguse kalkuleta ya kubadilisha. Mimi ningefanya hili peke yake, ugomvi usingekuwepo.
- Chagueni chanzo kimoja cha kiwango na mkae nacho. Benki Kuu ya Tanzania inaweka viwango kwenye tovuti yake kila siku ya kazi. Usitumie kiwango cha mtu wa mpakani mwezi huu na cha benki mwezi ujao.
- Andika kiwango cha mwisho wa kila mwezi ukutani. Mwisho wa mwaka una viwango 12, wastani wako huo hapo.
- Kama mauzo yako mengi ni ya Desemba, au fedha imeruka ghafla katikati ya mwaka, wastani wa mwaka mzima utakudanganya. Geuza mwezi kwa mwezi.
- Madeni kati yako na tawi yafute kabla ya kujumlisha. Kama tawi linakudai 100,000, kwako ni deni na kwao ni mali. Familia haiwezi kujidai yenyewe ikasema imetajirika.
- Ada ya kutuma na kubadilisha hela ni gharama, usiifiche ndani ya tofauti.
- Tawi likikua, muone mhasibu. Kodi za kule zina wenyewe, URA, na huku TRA.

Mwisho wa hadithi. Nilimpigia mdogo wangu simu, hakupokea. Nikapanda gari hadi Masaka na daftari langu. Nikampa kalamu, nikamwambia aandike yeye mwenyewe ule mstari wa nne. Akaandika, akanitazama, akasema, "Dada, chai ipo." Nikajua yameisha.

Mama nilimweleza kwa lugha ya kahawa: gunia ni lilelile, kilo ni zilezile, bei ya siku ndiyo imeshuka. Akanielewa haraka kuliko nilivyojielewa mimi. Kisha akauliza, "Sasa kwa nini ulimliza mwenzako?"

Hilo sina hesabu yake. Wewe andika ule mstari mapema.